Duka la mali kauli huku Digo Road, Mombasa, nawapa nyota nne

Wenzangu mnaojichapishia vitabu na vimewalalia ndani, jaribuni hili duka dogo la vitabu upande wa Digo Road, manake riwaya yangu iligoma kabisa, pongezi WhatsApp zilijaa lakini wa kununua hakuna, maboksi yako chini ya kitanda hadi moyo ukavunjika nkaacha kuandika. Hawa wanachukua kwa mali kauli, yaani hawakulipi mbele, kikiuzwa wanakata asilimia 30 yao, inayobaki wanatuma M-Pesa mwisho wa mwezi, na wanatuma kweli. Mwenye duka anauliza ISBN kwanza, ile namba ya kutambulisha kitabu (inatolewa na KNLS, yaani maktaba ya taifa ya Kenya, kama huna ipate kabla hujaenda) halafu akaniambia wazi jalada halivuti na bei iko juu. Iliniuma, lakini alisema kwa adabu, akakaa na mimi akanionyesha vinavyotoka pale kwake: vya dini, vya shule, vya watoto, riwaya ya watu wazima inakwenda polepole hata ya mwandishi mwenye jina. Hapo ndo nkapumua kidogo.

Msitarajie utajiri, nakala zangu chache tu ndo zimetoka. Lakini kuna mama alirudi kuulizia kama nina kingine, mwenye duka akanipigia simu saa hiyo hiyo, wallahi usiku ule nilishika kalamu tena. Nyota moja nimekata sababu rafu ya waandishi wa hapa imewekwa nyuma kabisa karibu na stoo, mteja haioni mpaka aonyeshwe, wailete mbele.