Rope au Psycho: ipi ianze kwa mwanafunzi wa filamu za taharuki?

Mwanafunzi anayejifunza kuchambua filamu za taharuki atapata njia mbili kwa mwongozaji mmoja, Alfred Hitchcock. Katika Rope ya mwaka 1948, mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba maiti imefichwa kashani, na kamera huwafuata wahusika kwa shoti (vipande vya picha vinavyorekodiwa mfululizo) zisizokatwa, baadhi zikikaribia dakika 10, ambao ndio uliokuwa ukomo wa mkanda ndani ya kamera, hivyo hofu hujengwa kwa kungoja. Kinyume chake, tukio la mauaji bafuni katika Psycho ya 1960 hutegemea mikato ya haraka, yaani kuruka upesi kutoka shoti moja fupi hadi nyingine. Mimi ningeanza na Rope, kwa kuwa anayerekodi bila kukata, hata kwa simu, hulazimika kupanga waigizaji, mwanga na fokasi (ukali wa picha) mapema, ilhali uhariri huweza kuficha udhaifu wa upangaji huo.