Kununua bloku za kujengea Puebla, Mexico: uliza umri kabla ya bei

Jirani yangu hapa San Andrés Cholula alimaliza kuta za vyumba viwili, akapiga lipu, akapaka rangi. Haukupita muda, zikajitokeza nyufa za mtindo wa ngazi: zinafuata mstari wa mota, zinashuka, zinapinda, zinashuka tena. Fundi akasingizia msingi. Mhandisi alipofika aliuliza swali moja tu: hizi bloku zilifyatuliwa lini? Mwenye nyumba akakumbuka kwamba lori lilizileta zikiwa bado nyeusi kwa unyevu, na kona zilikuwa zinamong'onyoka mikononi mwa vijana waliokuwa wakipakua. Aliuziwa bloku mbichi.

Vipimo sitavijadili kwa urefu, maana kila duka la vifaa litakueleza. Ya kawaida ni 15×20×40 kwa sentimita, ambayo kwa waliozoea hesabu za kwetu ni karibu inchi 6, na mita moja ya mraba hula bloku kama 12. Ya upana wa sentimita 12 ni ya kugawia vyumba, ya 20 ni ya kuta zenye kazi nzito. Ninachotaka ukishike ni umri.

Zege hukomaa polepole, na kipimo kinachotumika kupimia nguvu yake ni siku 28. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba bloku inapokauka husinyaa. Ikisinyaa uani kwa muuzaji, hasara hakuna. Ikisinyaa ikiwa tayari imebanwa ukutani, kati ya nguzo mbili za zege na linta juu yake, haina pa kwenda. Inajivuta mpaka ukuta unapasuka. Na hapa Puebla tuko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Miezi ya kiangazi jua ni kali na hewa ni kavu, kwa hiyo bloku iliyoachwa wazi bila kumwagiliwa hupoteza maji kabla saruji haijayatumia. Nje inaonekana ngumu, ukiikwaruza kwa ufunguo inatoa unga.

Basi nenda kiwandani mwenyewe. Usitume picha, usitume fundi. Angalia kama kuna mpira wa maji unaotumika na maturubai yaliyofunika mzigo mpya. Uliza tarehe ya kila tarima, yaani jukwaa la mbao linalopangiwa bloku. Kiwanda makini kinaiandika. Omba kuvunja bloku moja, hata kama utailipia, na utazame moyo wake: ukiwa mweusi kuliko ganda, ondoka. Kisha tazama mifuko mitupu ya saruji iliyotupwa pembeni. Unataka kuona maandishi CPC 30R au CPC 40, alama za saruji ya Portland ya kutengenezea zege. Ukiona mifuko ya mortero karibu na mashine, jua wanafyatulia saruji ya kujengea na kupigia lipu, na hiyo haina nguvu ya kutengenezea bloku ya kubeba dari.

Jambo jingine ambalo mafundi hunibishia: usiloweke bloku za zege kabla ya kujenga. Tofali la udongo wa kuchoma ndilo linaloloweshwa, ili lisinyonye maji ya mota. Bloku ukiilowesha unairudishia unyevu ule ule ulioungoja utoke, na itasinyaa upya ikiwa ukutani. Ikae kavu, ifunikwe mvua.

Sasa nipange. Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni bloku yenye matundu ya 15×20×40 iliyoshindiliwa kwa mashine ya kutetemesha, kutoka kiwanda chenye cheti cha maabara kinachotaja NMX-C-404-ONNCCE. Hicho ndicho kiwango cha Mexico cha bloku za kuta zinazobeba mzigo. Wakikuonyesha NMX-C-441, hicho ni cha kuta zisizobeba, usikubali kuambiwa ni kitu kimoja. Tetemeko la Septemba 19, 2017, la ukubwa wa 7.1, lilikuwa na kitovu mpakani mwa Puebla na Morelos. Katika nyumba zetu nyingi ukuta ndio unaobeba dari ya zege, na siku ardhi ikitikisika ndio unaopokea kishindo. Cheti hicho usione haya kukidai.

Ya pili ni tabicón, ile bloku ndogo isiyo na matundu. Ni nzito, inakula mota nyingi na siku nyingi za fundi, lakini iliyokomaa vizuri ni imara. Ya tatu ni Hebel, zege lenye vijishimo vya hewa: nyepesi, inazuia joto, ila bei ni ya juu na inataka gundi yake na fundi aliyeizoea. Ya nne ni bloku nyepesi za tepezil, jiwe jepesi la volkeno, nzuri kwa kugawia vyumba. Bloku za bei ya kutupa za kando ya barabara zitoshe kwa banda la kuku.

Kama unanunua kwa kiwanda kidogo cha mtaani, na vipo vizuri, mimi nachagua kinachotumia saruji ya Cruz Azul. Naipendelea waziwazi. Ni ya ushirika wa wafanyakazi, ushirika ule ule uliozaa timu ya mpira yenye jina hilo, na hapa jimboni inapatikana kila kona, kwa hiyo haikai ghalani mpaka igande.

Bei ndiyo inayoniumiza. Unatajiwa bei ya elfu moja, el millar, unafurahi. Ukitaka kulipa, wanaongeza IVA, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Kisha flete, nauli ya lori. Kisha maniobras, malipo ya kupakua, na lori linaishia kona ya mtaa kwa madai kwamba halipiti. Zilizovunjika ni zako. Tena kuna wauzaji wanaojisifu kwamba mzigo umetoka mashineni leo hii, kana kwamba wanauza mkate, na ukiomba za wiki nne wanakuambia hawana nafasi ya kuzihifadhi. Maana yake wanataka wewe ndiwe uwe ghala lao. Kama uwanja unao, kubali kwa sharti la punguzo: nunua mwezi mmoja kabla ya fundi kuanza, panga juu ya tarima zisiguse udongo, mwagilia wiki ya kwanza, kisha ziache zikauke. Na kila kitu kiandikwe kwenye factura, yaani ankara: kipimo, idadi, tarehe ya kufyatuliwa, bei ikiwa na kodi na nauli hadi mlangoni. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kuhesabu nzima zilizoshuka.