Programu za mashine ya plazma ya CNC: mpangilio wangu kwa karakana ndogo ya Unguja

Grili yangu ya kwanza ya kukatwa kwa plazma ya CNC, yaani moto wa umeme unaokata chuma huku kompyuta ikiuongoza, ilikuwa na maua 12 ya asumini. Kufika ua la nane, pleti ya milimita 2 ilikuwa ishapata moto, ikajikunja kama papa aliyeanikwa, tochi (kichwa cha mashine kinachokata) ikaigonga. Nozo, ncha ya tochi, ikafa na pleti ikenda kwenye skrepa. Mchoro ulikuwa mzuri, hilo sikatai. Nilichokosa ni programu inayojua kupandisha na kushusha tochi.

Kazi hii inataka programu tatu: ya kuchorea, ya kupangia njia ya tochi, na ya kuendeshea mota. Wengi huanza na ya kuchorea kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye skrini. Mie naanza na ya kuendeshea, maana hapo ndipo pleti inapookoka.

Kwenye za kuendeshea, namba moja ni LinuxCNC pamoja na QtPlasmaC, sehemu yake ya plazma. Ni ya bure, na inakaa kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba. THC, yaani udhibiti wa kimo cha tochi, imo humo humo ndani. Inasoma volti za mwale, yaani moto wa umeme unaotoka kwenye tochi: tochi ikipanda volti zinapanda, ikikaribia chuma zinashuka, nayo inasahihisha huku inakata. Kwenye kona ndipo utakapoipenda. Pale mashine hupunguza mwendo, chuma kinaliwa zaidi, volti zinapanda, na THC isiyo na akili hudhani tochi imepaa, ikaididimiza kwenye pleti. QtPlasmaC huifunga THC mwendo unapopungua. Gharama iko kwenye vifaa: kadi ya Mesa ya kuunganishia kompyuta na mota, na kadi ndogo ya THCAD ya kusomea volti, zote za kuagiza nje. Chagua Mesa ya kebo ya mtandao. USB na plazma hazipatani, khasa kama mashine yako inawasha mwale kwa umeme wa masafa ya juu (HF). Kuisanidi kunataka subira. Jipe jioni kadhaa baada ya Isha, na usianze na kazi ya mteja.

Namba mbili si programu ya kununua peke yake: ni kisanduku cha Kichina chenye skrini yake, mfano wa F2100B. Unaingiza flashi, unachagua kazi, unabonyeza. Kwa mtu asiyetaka kompyuta ikae kwenye vumbi la chuma na hewa ya chumvi, nampa hichi. Muulize muuzaji kama THC imo kwenye bei, kwani mara nyingi huuzwa peke yake.

Mach3, programu ya kuendeshea mota kwenye Windows, naiweka ya tatu. Mafundi wengi wanaijua, lakini imezeeka: ukiiendesha kwa mlango wa printa, inataka Windows ya biti 32. Bila leseni inakoma mistari 500 ya msimbo, yaani maagizo ya mwendo wa mashine. Ukiipata pamoja na mashine ya mtumba, itumie. Kuinunua leo, hapana.

GRBL, programu inayokaa kwenye kibao kidogo cha Arduino, ni ya mwisho. Ni bure na rahisi, ila ile ya asili haina THC. Kwa vibao vidogo vya majina inatosha. Kwa grili ya dirisha utarudi kwenye kisa changu cha papa.

FireControl sikuipanga. Ni ya meza za kampuni ya Langmuir tu; kama umenunua meza yao ya CrossFire, ishachaguliwa.

Kwenye kupanga njia sina mjadala: SheetCam. Hapa ndipo pa kutoa pesa. Inajua upana wa mkato, inaweka mwanzo wa mkato nje ya umbo ili tundu la kutobolea lisiharibu ukingo, na inakata matundu ya ndani kabla ya mzingo wa nje. Ya majaribio inakuishia kwenye mistari 180 ya msimbo, inatosha kukata ua moja na kuamua. Fusion, inayochora na kupanga njia pamoja, ina leseni ya bure kwa matumizi binafsi, lakini inataka uingie kwa intaneti, na kwenye leseni hiyo mwendo wa haraka kati ya mikato umefungwa. Kwa grili yenye mikato mingi, utaiona tochi ikitembea kivivu kutoka ua hadi ua.

Kuchora, chukua Inkscape, ni bure. Wanaokata Bismillahi na majina ya nyumba kwa hati za Kiarabu wasikilize hapa. Herufi za Kiarabu zinapoungana hupandana kidogo, na jicho halioni. Ukipeleka hivyo hivyo, tochi itapita katikati ya kila kiungo na neno litamwagika vipande vipande. Geuza maandishi yawe njia, kisha yaunganishe yawe umbo moja kabla ya kuhifadhi faili la DXF, la mchoro linaloingia SheetCam. Na vitundu vya ndani vya mimu na wau, ukitaka vibaki na chuma chake, viwekee daraja la milimita chache. Nukta nazo, kama neno zima ni la chuma, haziwezi kuning'inia hewani: zishikishe kwenye herufi au kwenye fremu.

Kabla hujalipa chochote, mwambie muuzaji akuoneshe nini kinatokea umeme ukikatika katikati ya kazi. QtPlasmaC inakuruhusu kuanza tena kutoka mstari ulioishia. Akishindwa kukuonesha, bado hujafika bei.