Karatasi ya "nembo ya ukoo wa Livingstone": uzoefu wangu

Nimeipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za fremu na karatasi. Bidhaa yenyewe ni ile inayouzwa mtandaoni kwa karibu kila jina la Kizungu: unaandika jina la ukoo, wanakuchapia karatasi ya A3 yenye "historia ya jina" kushoto na "nembo ya ukoo" kulia. Yangu ni ya Livingstone, jina ambalo Afrika Mashariki limekuwa hata jina la ubatizo, kwa hiyo najua wapo watakaoitamani. Karatasi ni nzito, wino umekolea, kioo kimekaa sawa. Tatizo ni yaliyoandikwa na yaliyochorwa.

Kosa lililozaa mengine yote ni kuchanganya koo mbili zisizohusiana.

Livingstone wa nyanda za chini za Uskoti wamepata jina kutokana na mahali. Katika karne ya 12, enzi za Mfalme David wa Kwanza (1124–1153), palikuwa na mwenye ardhi aliyeitwa Leving. Makazi yake yakaitwa mji wa Leving, na ndiyo Livingston ya leo, magharibi mwa Edinburgh. Jina la mahali humganda yeyote atokaye hapo, awe bwana shamba au mchunga ng'ombe wake. Mtu akiitwa Mpemba huko Tanga, hiyo haimfanyi kuwa ndugu wa kila Mpemba. Vivyo hivyo hapa: jina peke yake halithibitishi udugu.

Livingstone wa pili ni watu wa pwani ya magharibi, Appin na kisiwa cha Lismore katika Argyll. Jina lao la Kigaeli ni MacLea. Kuna maelezo mawili yanayoshindana kuhusu asili yake: Mac an Lèigh, yaani mwana wa tabibu, au Mac Dhuinnshlèibhe, linalotokana na jina la kale la mtu. Kuanzia karne ya 17 wakawa wanajiandika Livingstone. David Livingstone, yule wa Ujiji, anatoka upande huu: babu yake alitoka kisiwa cha Ulva akahamia Blantyre ya Uskoti kulikokuwa na kiwanda cha pamba, na David akazaliwa huko mwaka 1813. (Daktari mwenye jina ambalo huenda lina maana ya mwana wa tabibu, karatasi nzima haigusii jambo hilo, ambalo ndilo tamu kuliko yote.)

Sasa angalia walichofanya. Aya ya kwanza inamsifu David, halafu upande wa kulia wamechora ngao ya akina Livingston wa Linlithgow, wale wa nyanda za chini. Pia wanadai kwamba Livingstone yenye "e" mwishoni ni ya nyanda za juu na isiyo nayo ni ya nyanda za chini. Si kweli. Baba yake David, Neil, aliiacha hiyo "e", na mwanawe akairudisha katika miaka ya 1850. Nyumba moja, tahajia mbili.

Hata ngao yenyewe wameikosea. Ya Livingston inatakiwa iwe hivi: uwanja wa fedha (mchoraji akitumia nyeupe ni sawa), maua matatu mekundu yenye petali tano, na kuzunguka hayo mistari miwili myembamba ya kijani inayopitiwa na maua ya yungiyungi, moja likitazama ndani, jingine nje. Karatasi yangu ina petali sita na mistari myekundu. La petali ni uzembe wa mchoraji. La rangi ni zito zaidi, kwa sababu mistari miwili myekundu yenye yungiyungi ndiyo inayomzunguka simba katika ngao ya wafalme wa Uskoti. Katika fani hii rangi ni sehemu ya utambulisho, haibadilishwi ili ipendeze macho.

Isitoshe, malodi wa familia hiyo waliigawa ngao yao robo nne: mbili za Livingston, na mbili za ukoo wa Callendar walizozipata kwa ndoa katika karne ya 14, yaani uwanja mweusi wenye mkanda wa dhahabu wa mshazari kati ya vipande sita vya mstatili vya dhahabu. Karatasi haina robo hizo, ila juu yake imewekwa kofia ya chuma ya rangi ya fedha yenye nondo za dhahabu, ambayo ni ya lodi. Na vyeo vya Linlithgow na Callendar vilitwaliwa mwaka 1716 baada ya mwenye navyo kujiunga na uasi wa 1715. Kwa hiyo umeuziwa kofia ya lodi juu ya ngao ambayo haikumalizika.

Juu ya kofia kuna nusu mtu ameshika rungu na nyoka, chini yake maneno ya Kifaransa "Si je puis". Hapo wamepatia, kwa ukoo ule wa Linlithgow. Upande wa MacLea, kilele cha nembo (mchoro unaokaa juu ya kofia) ni nusu umbo la Mtakatifu Moluag akiwa na bakora yake, na maneno ni ya Kigaeli: "Ni mi e ma's urrainn dhomh". Kinachofurahisha ni kwamba koo zote mbili zinasema jambo lilelile: nikiweza.

Jambo ambalo wauzaji hawa hawalisemi ni kwamba kisheria Uskoti haina nembo ya jina la ukoo. Ngao ni mali ya mtu mmoja. Mrithi wake huichukua ilivyo. Wadogo zake huomba isajiliwe kwa tofauti, kwa kawaida pindo la rangi nyingine kuzunguka ngao. Msimamizi ni Lord Lyon, afisa mkuu wa nembo wa Uskoti, aliye na mahakama yake Edinburgh na mwendesha mashtaka wake, na daftari la ngao zote lilianzishwa kwa sheria ya 1672. Picha ya ukutani haina shida. Ila ukiichonga kwenye pete, au ukaiweka kwenye barua za biashara yako ukiwa Uskoti, unatumia mali ya mwenzako.

Kinachoruhusiwa kwa mtu wa kawaida ni beji: kilele cha nembo ya mkuu wa ukoo, kikizungushiwa mkanda wenye bizimu na maneno yake. Beji hiyo haiwi na manyoya. Matatu ni ya mkuu wa ukoo, mawili ya mkuu wa tawi, moja la mwenye ngao iliyosajiliwa. Wauzaji wengi hubandika manyoya kama pambo, ukiyaona, acha.

Kabla ya kununua chochote, tafuta kwanza ukoo wako ni upi. Tovuti ya serikali ya ScotlandsPeople hukuruhusu kupekua faharasa bure ukijisajili; kufungua picha ya cheti ni krediti 6, sawa na pauni 1.50. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo unategemea madaftari ya parokia. Ukibahatika kupata cheti cha 1855, kichukue, maana kina maelezo mengi kuhusu wazazi ambayo mwaka uliofuata yalipunguzwa. Usiandike Livingstone tu. Andika L*v*ngst*n* (kinyota husimama badala ya herufi yoyote), ili Levingston na Livingstoun zisikupite, kisha rudia kwa McLea, McLeay na McLay. Wengi hukwama kwa kuruka hatua hiyo. Ukiishia Argyll, beji yako ni ya Moluag. Ukiishia West Lothian, ulipo mji wa Livingston, ngao bado si yako, ila angalau unajua ni ya nani.

Picha za daftari la ngao la zamani zipo pia humo, krediti 40 kila moja. Ni ghali kuliko cheti, ila ina maelezo rasmi neno kwa neno, na inaingia vizuri katika fremu ya A3.