Mkoba wa Turubai wa Kutunzia Tupa za Chensoo: Uzoefu Wangu Tanga

Kwa miaka mingi tupa zangu za kunolea chensoo nilikuwa nikizitumbukiza ndani ya ndoo ya vifaa, pamoja na spana na vipande vya cheni kuukuu, na kila zilipoacha kukata upesi niliwalaumu wauzaji. Kosa lilikuwa langu. Tupa ni chuma kigumu kuliko jino la cheni, ndiyo maana inaweza kulinoa, lakini ugumu huohuo huifanya iwe dhaifu kwa namna yake: haipindi, huvunjika. Meno yake madogo yakigongana na chuma kingine kigumu hukatika ncha, na ile nyembamba ya milimita 4.0 iliwahi kunivunjikia vipande viwili kwa kudondoka tu kwenye sakafu ya saruji.

Mwaka jana, kabla ya masika, nilikwenda Ngamiani kwa fundi cherehani anayeshona maturubai ya magari, nikamwomba anishonee mkoba wa kukunja wenye vyumba sita vyembamba. Aliniuliza kwa nini nisitosheke na mfuko mmoja mpana. Nikamjibu, "Fundi, hizi zikikaa pamoja zinalana." Alielewa papo hapo. Nilimlipa shilingi 8,000, na kwa ushonaji wake sina lawama yoyote, kwa kuwa mishono imebaki imara baada ya mwaka mzima wa kufungwa na kufunguliwa juu ya boneti, juu ya magogo na juu ya udongo wenye unyevu.

Kilichonifurahisha zaidi ni uzi wa rangi alioushona kwenye mdomo wa kila chumba. Mwekundu ni wa tupa ya 4.0, ya chensoo ndogo ya kupogolea. Wa kijani ni wa 4.8, ya cheni yenye hatua (umbali wa wastani kati ya ribiti zake) ya inchi 0.325, wa bluu ni wa 5.5, ya chensoo kubwa yenye hatua ya inchi 0.404. Kati ya 4.8 na 5.5 jicho lililochoka hukosea kwa urahisi, na kosa hilo lina gharama, kwa sababu tupa nyembamba mno hulichimba jino likabaki na makali membamba kama ndoana yanayoisha haraka, ilhali tupa nene mno huliacha jino butu. Tunapokata mitiki upande wa Muheza, mti ambao una chembe za silika zinazomaliza makali ya cheni, tunanoa mara nyingi kwa siku, hivyo kutokosea tupa ni jambo la maana sana kwangu.

Hata hivyo, mkoba huu una dosari moja kubwa. Ninaishi Sahare, karibu na bahari, na turubai hunywa unyevu. Masika yalipokolea, niliuacha mkoba umekunjwa majuma matatu bila kuugusa; nilipoufungua, ile tupa ya 4.8 ilikuwa imechapa umbo lake kwenye kitambaa, mstari wa kahawia wenye mikwaruzo myembamba ya mshazari, jino kwa jino. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikifuata mwelekeo wa meno yake, na kutu ikatoka, lakini makali yake hayakurudi. Tupa iliyoliwa na kutu huteleza juu ya cheni badala ya kung'ata, na mkono hulisikia jambo hilo mapema kuliko jicho.

Tangu siku hiyo mkoba ni wa safarini tu. Nyumbani, kila tupa ina kipande chake cha bomba la plastiki la nusu inchi, nilichokikata sentimita 26 ili kuitosha tupa ya milimita 200 pamoja na mkia wake, ile ncha ya kutilia mpini, chenye vifuniko pande zote mbili. Ile ambayo haitatumika karibuni huipaka mafuta mepesi ya cherehani kwa kitambaa, kisha siku ya kazi huyafuta yote, kwa kuwa mafuta hushikilia chenga za chuma katikati ya meno. Inayotumika kila siku huisugua kwa chaki, na chenga huwa hazigandi.

Fundi amenishonea mkoba wa pili, safari hii akaweka kipande cha ngozi chini ya kila chumba, kwa sababu mkia wa tupa usio na mpini ulikuwa umeshaanza kuitoboa turubai ya ule wa kwanza, na akaongeza ulimi mrefu wa kufunika midomo ya vyumba ili tupa zisichomoke mkoba ukining'inizwa. Amenitoza shilingi 10,000, nami nimelipa kwa moyo mmoja.