Cheti cha dawa cha kielektroniki: uzoefu wangu mimi mzee

Nina presha, kisukari na moyo unaodunda bila mpangilio, kwa hiyo vyeti vya dawa nimeshika vya kila aina. Tangu daktari wangu aanze kuandika dawa kwenye kompyuta na kuzituma moja kwa moja kwa mfamasia, wajukuu wananitania eti wazee tunaogopa mashine. Hatuogopi. Picha zao tunazipokea kwenye simu kila siku.

Kwanza mwandiko. Jina la dawa na kipimo chake vinasomeka. Zamani mfamasia aliinua karatasi kwenye mwanga, akamwita na mwenzake wabahatishe pamoja. Kilichonikosha zaidi ni onyo. Natumia warfarini ya kuzuia damu kuganda. Siku nilipolalamikia goti, daktari alianza kuniandikia ibuprofeni, mara alama nyekundu ikatokea: dawa hizo mbili zikichanganywa huongeza hatari ya kuvuja damu. Akaifuta, akaandika paracetamoli. (Ila maonyo yakizidi, madaktari huyapita bila kuyasoma, kwa hiyo dawa zangu zote bado namtajia kwa mdomo, hata zile ninazojinunulia bila cheti.)

Kinachoniudhi ni kutoka kliniki mikono mitupu. Cheti cha karatasi nilikisoma pale pale, nikampa binti yangu naye akisome, na kama kuna dawa imesahauliwa tunamrudia daktari kabla hatujafika getini. Siku hizi naletewa meseji yenye namba. Dawa gani, vidonge vingapi, nitajua nikiwa dirishani kwa mfamasia, na watu wamejipanga nyuma yangu.

Halafu kuna hili la dawa iliyosimamishwa. Daktari alinipunguzia kipimo cha dawa ya presha, lakini agizo la zamani lilibaki kwa mfamasia, nikafungiwa zote mbili. Rangi za vidonge ndizo zilizonishtua. Kumbe kuandika dawa mpya hakufuti ya zamani. Lazima daktari atume agizo la kuifuta, na mfumo wa mfamasia uweze kulipokea.

Wenzangu wa foleni, hasa wenye macho hafifu na simu za vitufe, hawasemi kwamba hawataki kompyuta. Wanasema, "Nipe karatasi yangu." Ujerumani, ilipokifanya cheti hiki kuwa lazima mwaka 2024 kwa wagonjwa wa bima ya umma, iliacha nafasi ya kuchapishiwa karatasi yenye msimbo. Estonia, walioanza mwaka 2010, mgonjwa huonyesha kitambulisho, basi. Njia hizo zinatufaa kuliko programu ya simu inayodai nenosiri ambalo kesho limeshanitoka.

Mimi siinuki kitini kabla daktari hajanichapishia orodha ya dawa kwa herufi kubwa. Wenye mfumo huu nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku karatasi hiyo itakapotoka bila mzee kuiomba.