Presha kuka ya jiko la gesi: inunue, lakini kagua mpira

Kama kwako maharage, makande na kongoro havikauki, hii inakufaa sana. Yangu ni ya alumini, lita 7, nimeinunua Kariakoo. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanaiva kwa dakika 20 hivi tangu filimbi ilie. Sufuria ya kawaida ingekula gesi zaidi ya saa nzima. Mvuke ukibanwa, joto hupanda hadi karibu nyuzi 120, wakati sufuria ya wazi inaishia 100. Filimbi ikianza tu, shusha moto uwe mdogo kabisa. Gesi inaokolewa hapo, na wengi wanaacha moto mkubwa bure.

Dukani, kagua mpira wa mfuniko: uwe laini, usiwe na ufa, na uliza kama wa akiba upo. Ukikakamaa, mvuke unavuja. Maharage yasipite nusu ya chombo, maana povu lake huziba tundu la mvuke. Na jamani, msilazimishe mfuniko kabla mvuke haujaisha wote!

Ubaya wake, huwezi kuonja katikati ya mapishi. Chumvi na tui la nazi mimi natia mwishoni, mfuniko ukiwa wazi.